Mwenye paa halipi tokeni: Kwa nini nyumba za wageni za Elgon bado ni baridi

Ukishika simu sasa hivi utafute pa kulala Kitale au Kapsokwony wikendi, picha utapata ziko fiti. Moto unawaka kwenye ukuta wa mawe, shuka la Kimaasai limetandazwa kitandani, kikombe cha chai kinatoa moshi, na Mlima Elgon uko kule nyuma umejifunika mawingu. Kile hutaona kwenye picha ni shawa inayotoa maji moto dakika tatu halafu inakuacha na povu kichwani. Hutaona dirisha linalopitisha upepo usiku kucha. Na hutaona ile karatasi iliyobandikwa mlangoni: "Mgeni mpendwa, tafadhali zima hita ukimaliza."

Hiyo karatasi ndiyo stori yetu leo. Ina maana kwamba mwenye biashara anaogopa bili ya stima kuliko anavyoogopa mgeni kukasirika. Na ukifuatilia kwa nini anaogopa, utafika kwenye kodi.

Usitoroke. Najua neno kodi linaumiza kichwa, lakini tangu Juni 2024, wakati Mswada wa Fedha ulipowatoa vijana barabarani hadi ukaondolewa, kizazi chetu kimejua kusoma mambo ya ushuru. Tulisoma kuhusu mkate na mafuta ya kupikia. Hii ya nyumba za mlimani haina kelele, lakini inagusa mfuko wako ukiwa mgeni, ukiwa fundi, au ukiwa mmoja wa wale wamekodi keja ya vyumba viwili na kuigeuza Airbnb.

BARIDI YA HUKU SI MCHEZO

Kama hujafika, chora ramani kichwani. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Ukitoka hapo kuelekea Endebess unafika lango la Chorlim la Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, iliyotangazwa 1968, yenye pango la Kitum ambako tembo huingia gizani kulamba chumvi ya mawe. Ndani ya mbuga, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lina vibanda vya wageni vya Kapkuro. Upande wa pili wa mlima ni Kaunti ya Bungoma: Kimilili, Kaptama, Kapsokwony, Cheptais. Kilele cha Koitobos upande wa Kenya kina mita 4,222. Usiku katika miji ya chini unaweza kushuka hadi nyuzi 11 au 12 hivi, na kadiri unavyopanda ndivyo meno yanavyogongana.

Nyumba za wageni za eneo hili ni za rika tatu. Kuna zile za enzi za walowezi, waliomiminika Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ikafika Kitale 1926. Hizi zina kuta nene, dari za juu kama kanisa, na jiko la kuni kila chumba. Kuna za miaka ya sabini hadi tisini: vyumba vya mstari mmoja, mabati juu, siling'i bodi chini yake kama una bahati. Halafu kuna ghorofa za juzijuzi, Milimani ya Kitale na Kanduyi ya Bungoma, zilizojengwa kwa kupangisha familia lakini sasa nusu ya milango ina kisanduku cha ufunguo na namba ya siri.

Zote tatu zina shida moja. Hakuna aliyefikiria joto wakati wa kujenga. Joto linatoka kwa paa, linatoka kwa mianya ya madirisha, linatoka kwa bomba la maji lililo uchi ukutani. Kisha tunalirudisha kwa stima ya bei ghali au kwa kuni.

Na kuni nazo zina bei yake. Elgon ni moja ya ile minara mitano mikuu ya maji nchini, pamoja na Mau, Mlima Kenya, Aberdare na Cherang'any. Maji ya Elgon huingia Mto Nzoia, unaopita Webuye hadi kule Budalang'i ambako watu wanajua mafuriko kwa majina ya miaka. Boila ya kuni nyuma ya gesti inaonekana ni ndogo, lakini lori la kuni halitoki hewani.

Kwa hivyo tukisema "kukarabati nyumba zitumie nishati kidogo" hatuongei mambo ya Wazungu wanaolia kuhusu makaa ya mawe. Stima yetu tayari sehemu kubwa inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Shida yetu ni mbili: uniti ni ghali, na msitu ni mdogo.

HESABU YA MAJI MOTO

Hebu tufanye hesabu pamoja, kalamu tu na karatasi.

Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 15 hadi 55 kunahitaji uniti 4.7 hivi za stima. Hiyo ni fizikia ya shule ya upili, haibadiliki. Sasa chukua gesti ya vyumba 10, kila chumba lita 50 za maji moto kwa siku. Hizo ni lita 500, karibu uniti 23 kwa siku, karibu uniti 700 kwa mwezi. Tuseme uniti moja ikiwa na makato yake yote inakugharimu Sh28. Bili ya maji moto pekee inafika takriban Sh19,500 kwa mwezi. Hapo hujawasha taa, hujachemsha chai, na hujaweka Wi-Fi ambayo mgeni atauliza kabla hajauliza jina lako.

Sasa weka mfumo wa kupasha maji kwa jua unaobeba asilimia 60 ya hiyo kazi. Unaokoa karibu Sh11,700 kwa mwezi, Sh140,000 kwa mwaka. Tuseme mfumo mzima, matangi, mabomba na fundi, ni Sh500,000. Unarudisha pesa yako kwa miaka mitatu na nusu hivi. Si mbaya. Kwa nini basi kila mtu hajafanya?

Kwa sababu hiyo hesabu inadanganya mahali pamoja. Inadhani vyumba vimejaa kila siku. Elgon haiko hivyo. Desemba watu wanarudi nyumbani, vyumba vinajaa. Juni 1, 2024, Bungoma ilipoandaa Madaraka Dei katika Uwanja wa Masinde Muliro, wageni walihitaji vitanda. Lakini njoo Jumanne ya mvua mwezi wa tano: funguo zote ziko ubaoni. Vyumba vikijaa nusu tu ya mwaka, unaokoa Sh70,000 badala ya Sh140,000, na miaka mitatu na nusu inakuwa saba. Mkopo wa benki hauna subira ya miaka saba.

Hapa ndipo unafuu wa kodi unaweza kuwa na kazi. Si kumpa mtu pesa ya bure, ni kufupisha ile miaka saba irudi minne au mitano, hadi mtu mwenye akili zake timamu aseme, sawa, naeza.

MWENYE PAA NA MWENYE TOKENI

Kabla hatujafika kwa kodi yenyewe, kuna fundo lingine, na hili linawahusu vijana wengi.

Biashara ya Airbnb mitaani kwetu haiendeshwi na wenye nyumba pekee. Kijana anakodi keja ya vyumba viwili kwa mwezi, anaipamba, ananunua televisheni na sofa kwa deni, halafu anaiuza kwa usiku. Landilodi anapata kodi yake ya nyumba tarehe tano, mambo yake kwisha. Nani ananunua tokeni? Kijana. Paa ni la nani? Landilodi.

Umeona? Mwenye paa halipi tokeni, na anayelipa tokeni hana paa. Landilodi akiweka sola, faida inaenda kwa mpangaji. Mpangaji akiweka sola, siku akifukuzwa anaacha matangi juu. Kwa hivyo kila mmoja anamngoja mwenzake, na mgeni anaoga maji baridi.

Kwenye ghorofa ambazo kila nyumba ina mwenyewe tofauti, fundo linakaza zaidi. Paa ni la wote. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inataka wenye nyumba wawe na shirika lao la kusimamia vitu vya pamoja, lakini kupata watu kumi na sita, watatu wako Nairobi na wawili wako ng'ambo, wakubaliane kuchanga pesa ya paa ni kazi ya mzee wa kijiji.

Sera yoyote ya kodi isiyofungua fundo hili itaishia kumsaidia mtu mmoja tu: mwenye hoteli kubwa ambaye anamiliki paa na pia analipa bili.

SHERIA YETU INASEMAJE

Na ukiangalia sheria zetu, ni kama ziliandikwa na huyo mtu akiwa mezani.

Anza na hoteli. Tangu 2020, anayejenga hoteli yenye leseni anaruhusiwa kukata nusu ya gharama ya jengo kutoka kwa mapato yake mwaka wa kwanza, na inayobaki miaka inayofuata. Sheria pia imewahi kumpa mwekezaji wa nje ya Nairobi na Mombasa punguzo la asilimia 100, mradi ameweka si chini ya Sh250 milioni kwa mwaka. Kwa miaka kadhaa pia, kampuni iliyojenga angalau nyumba 100 kwa mwaka ilitozwa asilimia 15 badala ya 30. Hizo ni sera za kujenga kipya, na za kujenga kikubwa. Nani Endebess ana Sh250 milioni za kutengeneza vyumba kumi?

Sasa njoo kwa landilodi wa kawaida. Kama anapata kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka kutoka nyumba za makazi, anatozwa kodi ya mapato ya pango ya kila mwezi. Ilianza 2016 ikiwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Inalipwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ni kodi rahisi, na hapo ndipo mtego ulipo: inahesabiwa kwa pato lote, bila kuondoa gharama yoyote.

Tafsiri yake ni hii. Landilodi mwenye nyumba nane za Sh15,000 anapata Sh120,000 kwa mwezi, Sh1.44 milioni kwa mwaka. Kodi yake ni Sh108,000. Akiweka dari mpya, aziba madirisha na kufunga sola ya nusu milioni, kodi yake mwaka huo ni ngapi? Sh108,000. Asipofanya kitu, aache mabati yalie usiku? Sh108,000. Mbele ya Mamlaka ya Ushuru (KRA) nyumba nzuri na gofu ni ndugu.

Anaweza kuchagua kutoka kwa mfumo huo na kutozwa kama biashara nyingine, ambapo gharama zinakatwa. Lakini huko nako kuna mpaka: kurekebisha kilichoharibika ni gharama, kuboresha nyumba iwe bora kuliko ilivyokuwa ni mtaji, na mtaji hautendewi sawa. Yaani sheria inakusaidia kubadilisha kioo kilichopasuka, lakini inanyamaza ukitaka kuweka dirisha lisilopitisha upepo.

Kuna kipande kimoja cha unafuu kwa anayeboresha nyumba kwa mkopo: riba ya mkopo inaweza kukatwa, hadi Sh360,000 kwa mwaka tangu mwisho wa 2024. Lakini lazima uwe unaishi kwenye hiyo nyumba. Nyumba ya wageni si ya kuishi. Mlango huo nao umefungwa.

Imebaki VAT. Hapa serikali imecheza kama mtoto na swichi ya taa. Sheria ya VAT ya 2013 ilitoza vifaa vya sola. Mwaka 2014 vikasamehewa. Mwaka 2020 msamaha ukaondolewa. Mwaka 2021 ukarudishwa kwa paneli, betri, inveta na vifaa vyao. Mtu anayepanga kununua sola ya gesti mwakani afuate kalenda gani? Mwenye duka pale Kitale naye anaagiza mzigo akiomba Mungu bei isibadilike ikiwa bado baharini.

Na angalia kile msamaha unapenda. Unapenda paneli, kitu cha kung'aa juu ya paa. Lakini pamba ya kuzuia joto lisitoke, siling'i bodi, raba ya kuziba dirisha, kioo kizito, zote zinabeba asilimia 16. Fundi yeyote mzuri atakwambia uniti ya bei nafuu kuliko zote ni ile hukutumia. Kuziba nyumba kwanza, kuweka sola baadaye: hiyo ndiyo njia. Kodi yetu inakusukuma ufanye kinyume, uwashe jua ndani ya nyumba yenye matundu.

Vitisho tumejaribu pia. Kanuni za 2012 za kupasha maji kwa jua zilisema jengo lolote linalotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liwe na mfumo wa jua wa kubeba angalau asilimia 60 ya mahitaji. Majengo ya zamani yalipewa miaka mitano. Adhabu ilikuwa faini hadi Sh1 milioni au jela mwaka mmoja. Miaka mitano iliisha 2017. Panda ghorofa yoyote mjini Kitale uangalie mapaa ya jirani, hesabu matangi ya sola, halafu uniambie kanuni zilifika wapi.

WALIOJARIBU WALIJIFUNZA NINI

Tusijifanye sisi ni wa kwanza. Huko Ulaya milima yao imejaa nyumba za likizo zilizozeeka.

Ufaransa ilijenga miji mizima ya kuteleza kwenye theluji kwenye Alps miaka ya sitini na sabini. Vyumba vidogo, zege tupu, kila kimoja na mwenyewe anayekuja wiki mbili kwa mwaka. Wenyewe wana jina la vitanda ambavyo havilaliwi: vitanda baridi. Mwanzoni walimwaga unafuu wa kodi kwa wanunuzi, nyumba zikajengwa zaidi, za zamani zikaendelea kuoza. Siku hizi wanabana: tangu Januari 2025 nyumba ya makazi ya daraja G, la chini kabisa kwa matumizi ya nishati, haipangishwi upya, na sheria ya Novemba 2024 imeanza kuziingiza nyumba za wageni wa muda mfupi kwenye upimaji huohuo.

Italia ilienda upande wa pili. Mwaka 2020, katikati ya korona, serikali ilisema: karabati nyumba yako na tutakurudishia asilimia 110 ya gharama kupitia kodi. Soma tena, asilimia 110. Zaidi ya ulichotumia. Na ile haki ya kodi ungeweza kuiuza kwa benki. Kilichotokea hata wewe ungekitabiri: hakuna aliyeuliza bei, kwa sababu hakuna aliyelipa. Mafundi walipandisha, kampuni za mfukoni zikazaliwa, wengine wakadai pesa za kazi ambazo hazikufanyika. Serikali ilipoanza kufunga bomba 2023 ilikuwa imejitwika mzigo uliopita euro bilioni 100.

Somo ni mbili. La Ufaransa: ukisaidia kujenga kipya bila kugusa cha zamani, unaongeza vitanda baridi. La Italia: mtu asipoweka hata shilingi yake, hatalinda yako.

KITALE NA BUNGOMA ZINAWEZA KUANZA LEO

Wengi tunadhani kodi yote iko Nairobi. Si kweli. Kifungu cha 209 cha Katiba kinazipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi na majengo, ile tunayoiita rates. Ada za leseni za biashara pia ni zao. Kwa hivyo Trans Nzoia na Bungoma zina chombo mkononi bila kungoja Bunge la Kitaifa.

Ningekuwa naandika huo mswada, ungekuwa na mambo manne.

La kwanza, unafuu uende kwa jengo la zamani, lililosimama tuseme miaka 15 au zaidi. Anayejenga upya ana sheria zake tayari.

La pili, uanze na kuziba. Dari, madirisha, kufunga mabomba ya maji moto. Ukishafanya hayo ndiyo ustahili punguzo la sola. Hata kazi inabaki hapa: paneli inatoka China, lakini dari inapigwa na fundi wa Matisi au wa Chwele.

La tatu, malipo yafuate matokeo. Hili lilikuwa gumu zamani, sasa ni rahisi. Mita ya tokeni inajua ulinunua uniti ngapi mwaka jana na mwaka huu. Risiti ya eTIMS inaonyesha nani alikuuzia na kwa bei gani. Fundi wa sola anatakiwa awe na leseni ya EPRA. Ukiwa na vitu hivyo vitatu, karani wa kaunti hahitaji kupanda paa wala kupewa chai. Uniti kwa kila usiku wa mgeni zimeshuka, rates zako zinapungua. Hazijashuka, lipa kama kawaida.

La nne, na hili ndilo linafungua lile fundo: punguzo la landilodi litegemee mkataba na mpangaji. Landilodi akiboresha, amhakikishie mpangaji miaka fulani bila kumfukuza wala kupandisha kodi ghafla. Mpangaji naye akubali kuongeza kidogo, chini ya kile anachookoa kwenye tokeni. Tuseme kijana anaokoa Sh3,000 kwa mwezi, anamwongezea landilodi Sh1,500. Kila mmoja amebaki na kitu, na paa limepata mwenyewe anayelijali.

Serikali kuu nayo ina kazi yake moja: kuruhusu anayelipa ile asilimia 7.5 akate sehemu ya gharama ya ukarabati wa nishati, tuseme theluthi moja, igawanywe kwa miaka mitatu na iwe na kikomo. Yule wetu wa nyumba nane akitumia Sh450,000, theluthi ni Sh150,000, yaani Sh50,000 kwa mwaka kutoka kwa kodi ya Sh108,000. Bado analipa Sh58,000. Bado ametoa Sh300,000 zake mwenyewe, kwa hivyo atabishana na fundi kuhusu bei, na hiyo ndiyo dawa ya ugonjwa wa Italia.

SI NI KUWASAIDIA MATAJIRI?

Swali hili ni halali na lazima lijibiwe, kwa sababu kila shilingi KRA isiyochukua ni dawa ambayo haiko hospitalini au mwalimu ambaye hajaajiriwa. Ripoti za Hazina ya Kitaifa zinaonyesha misamaha ya kodi ni mamia ya mabilioni kwa mwaka. Mingi yake hakuna kijana wa Kipsongo aliyewahi kuionja.

Ndiyo, mwenye gesti ana uwezo kuliko anayelala kwenye nyumba ya mabati Tuwani. Ukisema pesa iende kwanza kwa majiko bora ya huyo wa Tuwani, mimi sitakupinga. Lakini tofautisha vitu viwili. Kuna msamaha unaotolewa mezani, kwa kampuni moja, na hakuna anayejua sababu. Na kuna unafuu ulio kwenye sheria, wenye kikomo, ambao mama wa vyumba vitano Kimilili anaupata kwa karatasi zilezile anazotumia mwenye hoteli.

Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi inayosamehewa ila kwa sheria, na kila msamaha uwekwe kwenye rekodi ya umma pamoja na sababu yake, na Mkaguzi Mkuu aambiwe. Hiyo rekodi ndiyo tuiulizie. Kaunti ikipunguza rates za gesti 40, tuone orodha ya 40, uniti walizookoa, na vijana wangapi walipata kazi. Tukikuta 30 kati yao ni za waheshimiwa, tutajua la kufanya.

Halafu kuna ajira. Mimi niliachia chuo njiani, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu digrii. Lakini Kitale National Polytechnic na Sang'alo kule Bungoma wanatoa mafundi stima na mabomba kila mwaka, na wengi wao leo wanaendesha bodaboda. Jengo moja la zamani lina kazi ya fundi dari, fundi bomba, fundi stima na mtu wa kupima. Ukarabati hauwezi kuagizwa kwa kontena. Lazima mtu apande ngazi hapa, ale chakula cha mchana hapa.

SASA WEWE

Kila mwaka, kaunti huandaa Mswada wake wa Fedha na kuuita umma utoe maoni. Tangazo hutoka gazetini na kwenye tovuti ya kaunti, mara nyingi siku chache kabla ya kikao. Ukumbini utakuta wazee, wawakilishi wa chama cha wafanyabiashara, na viti vingi vitupu. Vijana tulijaza barabara 2024, lakini kile kiti cha plastiki pale ukumbini hatujakizoea.

Kama unaendesha Airbnb, andika uniti zako za mwezi kwa kila usiku wa mgeni, miezi mitatu tu. Nenda nazo kwa landilodi kwanza, umwonyeshe hesabu kama tulivyofanya hapa. Nenda nazo kwa kikao cha kaunti baadaye. Namba ya mita yako ina nguvu kuliko hasira yako.

Kama ni fundi, tafuta leseni yako ya EPRA sasa, si siku punguzo litakapotangazwa na foleni ikafika Webuye.

Na kama wewe ni mgeni tu, unakuja kuona tembo wa Kitum na kurudi Nairobi Jumapili, kabla hujalipa uliza swali moja: maji yanapashwa na nini? Wakiulizwa na wageni ishirini wiki moja, watampigia landilodi simu. Landilodi atampigia MCA. Hapo ndipo ile karatasi ya mlangoni itaanza kung'oka.